Aliyempiga Baba Kisimani

Ein Livneh, Bonde la Yezreeli
Novemba 1952

Kwa kaka yangu Gedalia,

Shalom. Mimi ni mzima wa mwili. Hali yako nakuuliza kwa sababu Mama alitufunza kuuliza, si kwamba nimekosa usingizi kwa kukuwaza. Watoto wako hawajambo? Wangu wamepona surua, ila kikohozi bado.

Barua yako nimeipata. Unalalamika kwamba ulizuiwa langoni mwa kijiji chetu cha ujamaa siku ya maziko ya Baba. Najua, nilikuwapo. Vijana wetu walipokuambia, “Rudi kwa serikali yako ikakupe baba mwingine,” nilisimama upande wao. Nilikuchukia, na hata sasa nakuchukia. Ni wewe uliyepanda juu ya meza bwaloni ukatangaza kuwa ninyi wa chama cha serikali hamwezi kula pamoja nasi, “watumwa wa Moscow.” Siku iyo hiyo makabati yakapangwa katikati ya bwalo kama ukuta. Ng’ombe wakagawanywa. Watoto waliokuwa wakilala chumba kimoja wakaanza kurushiana mawe. Watu waliokausha kinamasi kwa mikono yao, wakazika wenzao waliouawa na malaria, Mama yetu akiwamo, leo wananyimana chumvi!

Baba hakukubali kuchagua upande. Alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi. Wenu wakimwita, “Njoo huku mzee, kwetu supu ina nyama,” wetu hudakia, “Nyama ya Amerika hiyo, itakukwama!” Yeye alisema supu zote mbili ni maji matupu, maana mwenye vitunguu hasemi na mwenye karoti.

Siku wenu na wetu walipogombea pampu ya kisima, alijitosa katikati, akipiga kelele kwamba kisima kile alikichimba yeye, na anayetaka kumnyima mwenzake maji amnyime yeye kwanza. Spana ikampata kisogoni. Hakuamka tena. Uliapa kwamba haikutoka kwa watu wako, nasi tukakucheka, hadi mkahama. Kwenye kibao cha kaburi wetu wakaandika, “Aliuawa na wasaliti,” nami nikaona wameandika haki.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita mume wangu Zvulun alikataa chakula. Nikamsimanga kwamba si yeye wa kwanza kufiwa na mkwe. Akaangua kilio, akaniambia, “Nehama, ni mimi. Nilimlenga Gedalia. Mzee akakatiza.”

Nilisimama mkutanoni nikayasema hayo mbele ya wote, Zvulun akiwa ameketi kando yangu, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemtazama yeye. Walinitazama mimi. Katibu akaniambia, “Kaa chini, mama. Hata kama ni kweli, kweli hiyo ni chakula cha adui.” Wakanyoosha mikono: kibao kibaki kama kilivyo. Basi asubuhi nikaenda makaburini, nikaking’oa mchana kweupe, wakinitazama kutoka zizini. Mwanamke mmoja aliyenyonya titi moja nami akatema mate chini. Zvulun naye akavaa shati lake safi, akaenda kwa miguu yake mwenyewe hadi kituo cha polisi Afula. Hajarudi.

Usidhani nimehamia upande wako. Mkono uliorusha spana ni wa mume wangu, lakini asingeirusha kama watu wangekuwa bado wanakula meza moja, na aliyeivunja meza hiyo ni wewe. Hilo sikusamehe, wala usiniombe.

Lakini Baba hana kibao. Njoo Jumamosi mchana. Pita lango kuu, usiruke ua kama mwizi. Lete ubao na misumari tumwandikie jina lake, basi, bila neno la chama chochote. Wakikuzuia watatuzuia wawili, maana nitakuwa nimekushika mkono, na wakirusha mawe yatupate sote. Tukimaliza, rudi kwako.

Wabusu watoto. Mkeo pia msalimie, ingawa aliondoka na sufuria ya Mama.

Ni mimi mdogo wako, utake usitake,

Nehama