Mtani Wako Alipiga Simu

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea.

Juzi mtani wako alipiga simu. Yule nesi Mzaramo wa Dar, aliyekupokonya mfuko wa michembe, viazi vyako vikavu, siku ya kwanza tu hospitalini, akasema Wanyamwezi kazi yenu kubeba mizigo hadi pwani, basi mmefika, tueni. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Safari hii alianza vilevile: "Mtani, mlete bibi yangu. Sasa hatumfukuzi."

Nilikuwa kibandani Ng'ambo, tairi la baiskeli ya mteja mapajani. Nikamwambia nitakuambia. Nikakata simu. Ndiyo maana nakuandikia, maana niliahidi.

Ni hivi. Wameanza utafiti mwingine wa dawa ile ya saratani, na huu unawataka watu kama wewe, ambao kinga ya mwili ilishawageuka. Unakumbuka daktari alivyonieleza kifundi, kwamba dawa inaiachia kinga breki ili iukimbilie uvimbe. Wewe breki zako zilikatika zamani. Kinga yako ilikuwa inatafuna viungo vyako tangu niko shule. "Askari wangu walevi," ulikuwa unasema, ukikata viazi vya michembe kwa vidole vilivyopinda.

Kwenye treni uliniusia: habari za vidole usiwaambie. Ukavificha ndani ya khanga. Nami niliapa, Mama. Halafu yule nesi akakutania, Mnyamwezi gani huyu kikombe cha chai kinamshinda, na mimi nikamjibu kama mtu anavyomjibu mtani, bila kufikiri: ana baridi yabisi huyu, miaka yote anameza vidonge, mbebee wewe! Nikacheka peke yangu. Nesi alishaacha kucheka, anaandika. Kesho yake tukaambiwa utafiti hauwataki wenye ugonjwa huo, turudi nyumbani.

"Ungenyamaza tu, mwanangu." Ulisema mara moja, tulipopita Dodoma, na hukurudia tena. Bora ungenigombeza.

Nyumba imekuwa kubwa. Napika ugali wa watu wawili, nusu nawapa kuku. Viatu vyako viko mlangoni, cha kushoto bado kimekatwa upande kwa ajili ya kidonda cha saratani unyayoni. Watu walikuja siku ya arobaini, wakala, wakaenda. Sina wa kumuuliza kama nilikuua.

Leo asubuhi nimempigia nesi, nikamwambia ukweli. Alilia. Kisha akauliza ni mtani gani aliyekutania msibani, nikasema hakuna, tulikuzika kimya. Akasema hilo ni kosa lake, atapanda treni aje kaburini akutukane ipasavyo. Nikacheka, Mama. Tangu uondoke sikuwa nimecheka.

Nilimuuliza lile swali. Hakunidanganya. Alisema kama wangekupa dawa bila kujua, huenda ingekuua mapema zaidi, huenda ingekuponya. Hakuna ajuaye, kwa sababu watu kama wewe walifukuzwa wote, na hakuna aliyewafuata kuuliza waliishije baada ya hapo. Wao sasa wanataka kuuliza. Anaomba niwasimulie miezi yako ya mwisho: mguu, vidonge, asubuhi ulizoshindwa kufunga kifungo cha gauni. Ameniambia nina haki ya kukataa.

Mteja akaja kuchukua baiskeli yake, nikaijaza upepo huku nawaza. Nilijua ungetaka nini. Ulitaka vidole vibaki ndani ya khanga.

Nimekubali, Mama. Akija nitampa michembe, ile ya mwisho uliyokata wewe, kisha nitakaa naye barazani kwako nimweleze kila kitu, pamoja na vidole.

Lala salama, mama yangu. Nisamehe. Safari hii pia sitanyamaza.

Mwanao