Saumu, Madam Kanisonya?

Saumu, shoga yangu,

Nimekaa nimeinuka, nimekaa tena, kalamu imenitoka mkononi ikaingia chini ya friji. Mwandiko uniwie radhi. Unajua mimi shule niliiona kwa mbali.

Tangu wakuzike kwetu Tanga, hapa Al Rayyan, Qatar, kazi yako naifanya mimi. Madam alinitaka mwenyewe, maana kila Ijumaa alikuwa ananiona nakuja kukusumbua. Kitanda chako nalalia, ndala zako navaa, zinanibana kidole gumba. Wajapani wako ni walewale wapole. Hawagombi, na hilo ndilo linalonimaliza. Mtu asiyegomba utamjuaje?

Wewe uliwajua. Siku ile ulipomwuliza madam kama umeunguza wali, akapunga mkono mbele ya uso, kama sisi tunavyofukuza harufu. Ukakimbia bafuni ukajisugua kwapa mpaka ngozi ikalia! Kumbe mwenzio anasema, "La, wala hujakosea." Ulinisimulia hapahapa jikoni, ukacheka mpaka ukashika ubavu. Hiyo ndiyo sura yako niliyobaki nayo. Ile ya hospitali nimeikataa.

Sasa sikia. Mwanao Mwanahamisi anaolewa. Mume katoka Pangani, fundi mafriji, mfupi kidogo lakini ana adabu. Uliniambia ukiwa kitandani, "Nisipofika mimi, simama wewe kama mama yake." Basi nikamwendea madam kuomba ruhusa. Ndiyo hakusema, hapana hakusema. Akalaza kichwa upande, akajishika kisogo, akavuta hewa kwenye meno: sss!

Nikajua nimesonywa. Mimi, mtu mzima, mwenye wajukuu! Sufuria nilizibamiza siku hiyo. Nikapiga simu, wenzetu wa Al Wukair mpaka Al Sadd wakajua. Otieno, yule dereva Mkenya, alicheka mpaka akalalia usukani. "Mathe, umesonywa na mtu mpole hivyo? Basi wewe ni kiboko!"

Lakini nikaanza kumchungulia, si unanijua. Jirani akaja kumwalika chai. Madam anatabasamu, kichwa upande, sss. Na chai hakwenda. Mara yuko kwenye simu na mwalimu wa mtoto, tena sss, na alichoombwa hakikufanyika. Ndipo nikaelewa. Siyo tusi, Saumu. Ni hapana, ila hataki ikuumize.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Bora angenisonya! Ningemrudishia wangu, khalas, yakaisha. Hapana ya upole utaigombezaje? Chakula kikanishinda. Napiga deki palepale nilipokwisha piga, naita jina lako nikiwa naosha vyombo, najijibu mwenyewe.

Jana nikasema liwalo na liwe. Nikachukua picha ya mwanao, nikampa madam kwa mikono miwili kama tunavyowapa wakubwa. Kiingereza kikanikimbia, nikamwaga Kiswahili chote: huyu wa Saumu, Saumu wako, hana mama, nani atamshika mkono? Akaitazama picha, akaitazama. Kisha akanivuta mpaka kwenye kalenda, akanionyesha: wiki ileile ya harusi wakubwa wa kazini kwa mumewe wanakuja kula. Kumbe ugumu ulikuwa huo.

Nimesimama nimenywea, mara akanyoosha kidole akagusa ncha ya pua yake. Nikamkodolea macho. Akagusa tena pua, akaonyesha jiko, akachukua aproni yangu akajifunga. Loo! Sisi tukisema "mimi" tunajigonga kifua, wao wanaonyesha pua. Yeye! Wageni atawapikia yeye!

Nikamkumbatia, shoga. Akakauka kama ubao, masikini, lakini hakunitoa.

Basi nasafiri Alhamisi. Sanduku nimelifunga nimelifungua, nimelifunga tena, na roho haitulii. Nitaingiaje uani kwenu na wewe hupo? Wataita, "Mama wa bibi harusi yuko wapi?" nami nitageuka kukutafuta.

Lakini nitasimama, Saumu. Nakuahidi. Nitamshika mkono mwanao, vigelegele nitapiga vya wawili, na machozi nitayazuia mpaka gari la maharusi liondoke. Asubuhi yake nakuja pale ulipolala, nikae chini, nikuhadithie nani alivaa nini. Pumzika, mwenzangu. Ukiona nimechelewa, ujue nakaribia.

Wako,
Mwanaidi