Daftari la Safu Tatu

Groningen, Uholanzi, 9 Novemba

Mpendwa Dada Desislava,

Nakusalimu kutoka huku kwenye mvua isiyojua kupumzika. Mimi ni mzima, mafua tu. Wewe je, hujambo? Na goti la Baba linaendeleaje? Kuni ameshapasua, au anangoja theluji kama kawaida yake?

Uliniuliza kwenye simu kama saikolojia ya huku inatofautiana na ile uliyosoma chuoni Sofia, nikakujibu ovyo. Ukweli ni kwamba kila kitu kiko kama ulivyoandika miaka saba iliyopita, pale mezani jikoni kwetu Vidin, katika daftari lako la safu tatu. Vienna walitaka Kijerumani, ukaifuta. Sofia ni miaka minne, kwa Kibulgaria chetu, mihadhara ya ukumbi mzima. Uholanzi ni miaka mitatu, vikundi vidogo, na mapema tu unakalishwa mbele ya mwenzako umsikilize. Wiki iliyopita nilikalishwa mimi. Mwalimu akasema nasikiliza kama mtu anayeogopa kuulizwa swali. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, lakini iliniingia.

Sofia walikuwa wamekukubali, na huku pia. Moyo wako ulikuwa huku. Jumapili ile Shangazi Stoyanka akaja kukusomea kikombe, ukamtania kwamba mwanasaikolojia hasomewi mashapo ya kahawa. Hata hivyo ulikipindua. Akayakodolea macho mashapo: "Wee Desi, mbona korongo huyu kavunjika bawa? Na njia yenyewe imekatika! Ukienda mbali wewe, nyumba hii itazika mtu." Ulicheka, lakini Mama alikuwa na miezi minane tu kaburini. Kesho yake ukawaandikia Sofia kwamba utasoma kwao.

Dada, korongo yule nilimtunga mimi. Jumamosi nilimpelekea Shangazi chupa ya lyutenitsa, ile ya mwisho ya pilipili nyekundu alizosaga Mama kwa mkono wake, nikamwomba akutishe usiende. Alikataa, nikalia mpaka akakubali. Habari ya kuzikwa mtu aliongeza mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niliogopa kubaki na Baba, ambaye siku zile aliweza kumaliza wiki bila kusema neno. Ukiwa Sofia ungekuja kila Ijumaa kwa basi. Na kweli ulikuja, kila Ijumaa.

Sasa unapanga ratiba katika shule ileile tuliyosoma, na unasema umeridhika. Siamini. Na ni wewe uliyenipa daftari, ukaniambia safu ya tatu bado ni nzuri. Najuta, Dada. Najuta kila asubuhi ninapoingia darasa ambalo lingekuwa lako. Ukinuna mwaka mzima sitalalamika.

Kuna jambo moja zaidi. Uliitafuta chupa ile kabati zima, kisha ukamgombeza Baba kwamba ameila peke yake, hata ya kuonja hakutubakizia. Akainamisha kichwa, akasema, "Basi, ni mimi." Mpaka leo unamtania mbele ya wageni. Lakini asubuhi ile alikuwa uani, Dada. Aliniona nikitoka nayo.

Nisalimie jirani zetu, na Shangazi pia, ukijisikia. Baba mwambie kwamba hakuila. Anajua, lakini mwambie.

Mdogo wako akupendaye,
Zlatina