Aliyedisko kwa Sababu ya Msiba Wako

Madam Yulitha,

Habari za huko sijui huulizwaje, kwa hiyo naanza na za huku. Ofisi yetu ya ushauri wa wanafunzi bado ipo. Kiti chako kimechukuliwa na watu wa uhasibu. Walisema wanakiazima tu, nami nikawaambia chukueni. Nilisimama nikatazama kikipitishwa mlangoni kwa ubavu, mguu mmoja ukagonga fremu, kisha nikarudi kwenye ratiba ya mazoezi ya shambani Makutupora. Wanafunzi wa zabibu wa mwaka wa pili wanaanza kupogoa wiki ijayo na gari bado halina dereva. Chuo ni kile kile. Ukikitaja mjini mtu anauliza, "Kile kikubwa?" Unasema hapana, kile kingine. Anasema aah.

Wenzangu wananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza, Madam. Niko tu, kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi.

Siku unazikwa sikuja. Presha ilikuchukua ghafla, katikati ya mitihani, wakakupeleka kwenu kijijini. Basi la chuo lilijaa wahadhiri, mimi nikapangiwa kusimamia mtihani wa udongo. Nikapita kati ya meza nikigawa karatasi. Meza moja ilikuwa tupu, ya Anjela, yule binti wa kozi ya zabibu anayecheka kwa kuziba mdomo. Nikaandika "hayupo", nikaendelea na meza inayofuata.

Anjela alikuwa kaburini kwako. Aliomba nafasi kwenye gari la kwaya, akaja. Ruhusa hakuomba, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba inaombwa. Kwao, ndani ndani huko Bahi, msiba ukiingia hakuna anayeshika jembe mpaka marehemu azikwe, hata kama mvua imenyesha jana na mbegu zinangoja. Akaamini chuo nacho kina adabu hiyo. Aliniambia baadaye, "Mimi nilijua na mtihani uko msibani."

Haukuwa msibani. Sheria unaijua: asiyetokea kwenye mtihani bila ruhusa, anaondolewa chuoni. Wanafunzi wenyewe wanaita kudisko. Jina lake likabandikwa ubaoni, peke yake, maana mwaka huu wengine wote wamepona kwa sapu, ile mitihani ya marudio.

Sasa sikiliza, hili ungelipenda. Kijana wa jirani yao anayesoma hapa alipiga simu kijijini, akasema, "Anjela amedisko kwa sababu ya msiba wa Madam." Baba yake, Mzee Masima, akaelewa alivyoelewa. Alielewa kwamba binti yake amecheza disko kwenye msiba wa mwalimu wake.

Akaja. Jumatatu asubuhi nimefungua ofisi, nikamkuta mlangoni, kofia mkononi, jogoo mwekundu kwapani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, lakini kukaa akakataa.

"Mwanangu, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Sisi Wagogo ngoma tunaijua, wala hatuikatai, lakini ngoma ina siku yake. Huyu mtoto hatukumfundisha kucheza juu ya maiti."

Akamweka jogoo mezani, juu ya ratiba yangu, akaniuliza ndugu wa marehemu wanapatikana wapi ili akapige magoti.

Seif wa mapokezi alikimbilia nje kucheka, nikamsikia. Mimi sikucheka. Niligeukia upande wako ili tutazamane, kama tulivyokuwa tukitazamana mtu akisema jambo la namna hiyo, nikakuta ukuta. Nikaugeukia tena uso wa yule mzee.

Nikamweleza taratibu. Kwamba kudisko ni neno la wanafunzi tu, hakuna ngoma wala muziki. Kwamba mtoto wake hakucheza popote. Alikwenda kuzika, na chuo kilikuwa na mtihani siku hiyo, na kwa hiyo chuo kimemtoa. Jogoo akainyea ratiba.

"Kwa hiyo mmemfukuza kwa kuzika?"

Nikasema, ndiyo, Mzee. Hapo ndipo alipokaa. Mzee alikataa kuondoka na jogoo, alisema ameletwa kwa ajili ya marehemu na hawezi kurudi. Yuko kwangu Chang'ombe, majirani wananinunia.

Niliandika rufaa jioni ile ile. Nikaogopa, Madam, na uoga huo ndio kitu pekee nilichokihisi tangu uondoke. Kwenye kamati wewe ndiye uliyekuwa ukisema, mimi nilikuwa wa kubeba mafaili. Na Anjela akishatolewa hana pa kurudia. Kozi yenyewe ndiyo imeanza juzi, vyuo vingine havina, na wewe ulikuwa ukisema ana mkono wa zabibu, akikata tawi mzabibu haulii.

Kamati ilikaa Jumatano. Mwenyekiti, unamjua, mtu mwema lakini mgumu kama ubuyu mbichi, akasoma kanuni kwa sauti. Mwanafunzi anaweza kusamehewa kwa msiba wa mzazi, mwenzi wa ndoa, mtoto, au ndugu wa tumbo moja. Akafunga kabrasha, akamtazama Anjela.

"Marehemu alikuwa nani kwako?"

Nilitaka nimjibie. Akisema "mwalimu wangu" imekwisha, na hakuna jibu lingine la kweli. Anjela alitazama vidole vyake.

"Wote huku wananiuliza, umekula? Nasema ndiyo," alisema. "Yeye alikuwa ananiuliza, umekula nini?"

Basi.

Nilikuwa nalijua hilo swali. Uliniuliza mimi pia, wiki yangu ya kwanza kazini, nikakujibu ndiyo kabla sijalisikia lote, ukafungua hotpoti yako ya ugali na mlenda ukaisukuma upande wangu. Sikujua kwamba unawauliza na wao. Nikawatazama wale wanakamati, na nadhani wawili watatu walikuwa wamewahi kuulizwa.

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena. Akamwambia katibu, "Andika mzazi."

Katibu akaandika. Anjela atafanya mtihani maalumu Jumatatu ijayo, na jina lake limebanduliwa ubaoni, nimelibandua mwenyewe.

Mzee Masima alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Nilipomwambia, alishusha pumzi, akasema Mungu ni mwema. Kisha akanitazama vizuri, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Na wewe? Marehemu alikuwa wako?"

Nikasema tulifanya kazi pamoja. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole sana kwa msiba, mwanangu."

Madam, hapa chuoni hakuna aliyekuwa amenipa pole. Siwalaumu. Pole zilikwenda kwa mumeo, kwa watoto, kwa kwaya. Mimi nilikuwa mtu wa kupokea simu na kuelekeza watu njia ya kufika kwenu. Nikamjibu yule mzee kama tunavyojibu wote: "Ahsante, nimeshapoa." Nikaenda msalani nikafungua bomba, maji hayakuwa yanatoka. Nikakaa na bomba langu wazi mpaka mtu akabisha hodi.

Jumatatu nimeomba nisisimamie mtihani. Jumanne tunakuja kuhani, mimi na Anjela, na Mzee Masima atatupeleka, maana anasema waliochelewa msibani hawaendi bila mtu mzima. Nitakaa mkekani na dada zako. Najua watanipa pole, na nakuahidi jambo moja tu, kwamba safari hii sitajibu kwa mazoea.

Pumzika, Madam. Mimi sijapoa.

Zuhura wako