Gauni la Dama, Upindo wa Neema

Jumapili, Januari imeanza tu. Joto la kaskazi halina huruma hapa Bombolulu, hata ukuta ukiugusa una jasho. Nimekaa barazani na gauni la mtoto mapajani, naandika kwa simu, na sina raha.

Leo Neema ametimiza miaka saba. Kesho alfajiri babake anamchukua kwenda Bungoma, kwa bibi yake mzaa baba, na huko ndiko atakakosoma.

Nimeshaliandika. Sasa ni kweli.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Neema ni mtoto wa marehemu dada yangu, Dama. Tangu mamake afariki nimemlea mimi, mama yake mdogo, katika chumba hiki kimoja ambacho nusu yake ni cherehani. Shemeji alikuwa na kazi kiwandani Changamwe, akija kila Jumamosi na mkate na maziwa. Kazi imekwisha, anarudi kwao. Mtoto ni wa babake, ndivyo walivyosema wazee wa pande zote mbili, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye busara. Sikuwa na busara yoyote.

Si mtu mbaya, shemeji. Laiti angekuwa mbaya, ningepata wa kumkasirikia.

Tulipogawana nguo za Dama baada ya matanga, mimi niliangukiwa na gauni lake la satini la samawati, lile alilovaa kwenye harusi ya binamu yetu kule Kaloleni. Sijawahi kulivaa. Dada alikuwa mrefu, mwenye mabega. Mimi ni kijiti. Likakaa sandukuni, nikawa nalifungua mara moja moja kulinusa tu. Neema alipoomba gauni la sherehe, "la kung'aa", nilijua ni lipi, na nikajua nikilikata sitalinusa tena.

Mimi ni fundi. Gauni la mtoto naanza asubuhi, mchana mwenyewe anakuja kulichukua. Hili limenila wiki nzima. Nilichora kwa chaki nikafuta. Nilipima, nikapima tena. Shemeji alitaka waondoke Ijumaa. Nikamwambia satini inateleza, na haraka haraka haina baraka. Ni kweli inateleza. Lakini si wiki nzima.

Nilipofumua ubavuni nilikuta msururu wa vitundu sambamba na mshono. Satini ina tabia hiyo, ukiidunga sindano tundu halizibi, hata ufue, hata upige pasi. Vitundu vile vilikuwa kazi yangu mwenyewe. Dama alikuwa na mimba ya Neema, harusi imekaribia, zipu haipandi. Akaja kusimama hapa hapa barazani, anacheka mpaka nashindwa kumpima, nikamwachilia mshono kila upande, ule wa kwanza ukabaki vitundu. Kwa hivyo Neema alishakwenda harusini ndani ya gauni hili, kabla hatujajua kama ni msichana.

Nililia pale pale, mkasi mkononi. Jirani alidhani nimejikata.

Fundi mwingine angevificha vile vitundu. Mimi nimeviacha vipite mbele, kifuani. Asiyejua ataona ni urembo.

Hapa kwetu nguo ya mtoto haishonwi kwa kimo chake, inashonwa kwa kimo anachokiendea. Unaacha upindo mpana. Akirefuka unaufumua, nguo inashuka naye. Nimeacha upindo wa kiganja kizima. Jana nikimjaribisha, amesimama juu ya stuli, akaniuliza nani atakuja kulishusha. Nikamwambia bibi yake.

"Bibi wa Bungoma ana cherehani?"

Sikujua. Ndipo nilipofumua upindo wa mashine, nikapinda upya kwa mkono, mishono mirefu, uzi mweupe, na fundo moja kubwa mwisho. Nikamwonyesha: likikufupia, mtu yeyote akate fundo hili, avute uzi, kisha apinde kidogo tu ukingoni. Neema akalishika fundo, akalitazama sana.

Leo baada ya ibada ikawa sherehe. Keki, soda, viazi karai, na watoto wa ploti wote. Neema alizunguka, marinda yakapanda, watoto wakapiga makofi. Nikayaona mabega ya Dama. Niliingia ndani nikaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Wageni walipoondoka, shemeji alianza kufunga mabegi. Mimi nilikuwa nafagia keki sakafuni niliposikia Neema ananiita. Nikaitika abee, kama nilivyomfundisha yeye kuitika, nikageuka.

Amesimama mlangoni. Upindo wote umefumuka, kitambaa kimeshuka na ukingo unachanika nyuzi nyuzi. Uzi mweupe ameuzungusha kidoleni.

"Limeharibika," akasema. "Haliwezi kusafiri hivi."

Babake akapumua, akaniomba nilipinde upesi, basi la kesho halingoji mtu. Neema hakumtazama. Akaenda kuvaa nguo ya nyumbani, akanirudia na gauni na kopo langu la sindano, akakaa karibu yangu kabisa hapa barazani. Halafu akaninong'oneza:

"Shona polepole, mama mdogo."

Mtoto wa miaka saba. Kumbe wiki nzima alikuwa akiniona.

Nimetunga uzi. Nimeshapinda nusu, na naandika haya nikijifanya napumzisha macho. Neema yuko ubavuni mwangu, ameshika ule uzi wa zamani. Kesho itakuja, nikitaka nisitake, na gauni litapanda basi.

Lakini bado nina nusu ya upindo.