Koti la Siku za Ukaguzi

Nyuma ya Kanisa,
Ilongero, Singida.
Tarehe 9 Novemba 2024

Mwanangu mpendwa Benjamin,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lusaka, wewe na Eliana na watoto, na kwamba yule mdogo amepona kifua kilichomsumbua wakati wa baridi. Mwambie Eliana asikimbilie dawa ya kikohozi ya dukani kila mtoto anapokohoa. Maji ya uvuguvugu na asali vinamtosha kwa umri wake.

Ukiuliza hali yangu, moyo umechoka. Miguu inavimba ikifika jioni, na kutoka kitandani hadi mlangoni lazima nipumzike njiani. Daktari aliniambia kwa upole mwingi nisiwe na mipango ya mbali. Nilimshukuru. Nimekaa kwenye dirisha la dawa maisha yangu yote, najua dawa ninazoandikiwa sasa huandikwa mgonjwa akiwa amefikia wapi.

Mvua bado. Mawingu yanakuja mchana, yanatuangalia, kisha yanakwenda zake. Watu wameshasafisha mashamba ya uwele na alizeti, wanasubiri. Yule ng'ombe wako mwenye pembe iliyovunjika amezaa ndama jike. Febronia, ambaye ndiye anayeniogesha na kunipikia siku hizi, anasema ndama ana ukaidi wako.

Ujumbe wako kuhusu leseni ya duka la dawa la jumla nimeupata. Unasema jengo limepatikana Singida mjini, gari la kusambaza dawa hadi Ihanja na Kinyangiri limeshaonekana, na kilichobaki ni sahihi yangu tu kama mfamasia msimamizi. Umeniomba nifanye haraka. Kwa adabu yako hukuandika haraka ni ya nini, ila wote wawili tunajua. Unataka nitie sahihi kabla sijafa.

Sitaitia. Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanichekesha, na nikishacheka nakubali. Ndivyo nilivyokubali mara ya kwanza.

Ulipofungua ile famasi mjini, wanaotoa leseni walitaka mfamasia aliyesajiliwa awe dukani. Wewe unauza vipuri vya magari. Shemeji yako Samweli, uliyemkabidhi duka, alikuwa anatengeneza simu stendi. Mwenye cheti nilikuwa mimi. Ukaniambia, "Shangazi, wewe kaa nyumbani upumzike, cheti ndicho kitakwenda kazini." Nilicheka mpaka nikakohoa. Wiki zilizofuata ukaniletea tanki la maji na mifereji ya bati, nikawaambia majirani kwamba kaka yangu aliniachia mtoto.

Nilijiambia kwamba mimi si wa kwanza kufanya hivyo. Nilijiambia pia kwamba nimezeeka na serikali haikunipa tanki. Mtu aliyesoma hakosi maneno ya kujifunika.

Sasa nikueleze cheti kilikuwa kinafanya kazi gani, maana nadhani hata wewe hukuletewa habari yote. Samweli aliposikia wakaguzi wapo mjini, alituma gari Ilongero kunichukua. Febronia alinivalisha koti jeupe. Tulilitundika kwenye msumari wake peke yake, na humu ndani tuliliita koti la siku za ukaguzi. Nikifika dukani nilikuta kiti chenye mto nyuma ya kaunta, na vijana wakiingiza friji. Friji yenyewe ilikuwa ya duka la vinywaji la jirani. Walitoa soda, wakapanga insulini na dawa nyingine za baridi, na Samweli akabandika karatasi nyeupe juu ya chupa ya soda iliyochorwa ubavuni mwa friji. Wakaguzi wakiondoka, friji ilirudi kwenye soda, insulini ikarudi kabatini chini ya bati, na mimi nikarudi Ilongero.

Mkaguzi aliyekuja mara ya mwisho nilimfundisha mimi mwenyewe, alipokuwa kwenye mafunzo pale hospitali. Nilimfundisha kusoma lebo mara mbili. Alipoingia alivua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kagua tu, usinionee haya."

"Nikukague wewe? Nianzie wapi sasa?" Akacheka, akaweka mkono juu ya friji. "Hii inawaka muda wote?"

"Muda wote," nikasema.

Hakuifungua. Kuifungua baada ya kauli yangu ingekuwa sawa na kuniita mwongo, na huku kwetu kijana hamfanyii hivyo mtu aliyemfundisha kazi. Nililijua hilo kabla sijajibu. Sikuwa na haja ya kumhonga wala kumtisha. Nilitumia shikamoo yake.

Na nikwambie, siku ile sikujisikia vibaya hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikala ugali wa uwele na mlenda, nikalala. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko mengine yote. Ningekuwa nimekosa usingizi, leo ningejihurumia.

Unamkumbuka Idrissa, jirani yetu wa upande wa bwawani, aliyekufundisha kuendesha baiskeli ukamvunjia taa. Ana sukari miaka mingi sasa, na anajichoma insulini. Zamani aliichukua hospitali. Siku moja alipita mjini akaona jina langu ukutani kwenye famasi yako, na tangu hapo hakutaka kununua kwingine. Alijitapa hata msikitini kwamba dawa yake inatoka kwa dada Severina. Akirudi kutoka mjini alipita hapa kwangu.

"Dada, leo nilikuwa dukani kwako. Hukuwepo, lakini nimekuona ukutani, nikakusalimia."

"Niliitikia?"

"Uliitikia. Ila kwa sauti ndogo."

Tulikuwa tunacheka hivyo, mimi na yeye, naye ameshika mfuko wa dawa mkononi.

Joto lilipoanza, sukari yake ikapanda na haikushuka. Alijichoma kama alivyoagizwa, kiu haikuisha, macho yakaingia ukungu. Mkewe Amne akadhani mzee anaamka kula viporo, akawa analala na sufuria ya ugali chini ya kitanda. Wakagombana, majirani wakawacheka, hata mimi nilimwonya Idrissa kuhusu tamaa ya chakula. Kumbe alikuwa hali. Kidonda kikatokea kwenye kidole cha mguu, kikapanda. Alipofikishwa hospitali ilibidi wamkate mguu chini ya goti.

Amne aliniletea chupa ya insulini aliyokuwa akiitumia mumewe. Akaiweka mezani kwangu.

"Dada, wauguzi wanasema hii imeharibika kwa joto. Wameniuliza nimeinunua wapi. Niwajibu nini?"

Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ile inatakiwa iwe safi kama maji ya kunywa. Ilikuwa na chembe nyeupe zinazoelea. Nikamwambia aniachie nichunguze. Nilikuwa nachunguza nini, Benjamin? Nilikuwa najua.

Kesho yake nilimwomba Febronia anitafutie gari, nikaenda mjini bila koti na bila kumwambia Samweli. Nyuma ya kaunta nilimkuta mwanamke mmoja mwenye heshima, anaitwa Loyce. Alinisalimia vizuri, akanipa kiti.

"Mfamasia yupo?" nikamuuliza.

"Ametoka kidogo, bibi. Atarudi jioni."

"Anaitwa nani?"

Aligeuka akasoma ukutani. "Severina."

"Yukoje?"

"Ni mtu mzima, mpole. Anawapenda sana wagonjwa."

"Umewahi kumwona?"

Akakunja kitambaa cha kufutia kaunta. "Bibi, mimi nilikuwa nauza vitenge sokoni. Nimeambiwa mtu akiuliza niseme hivyo."

Nikamwomba insulini. Alivuta kabati la chini, lile linalopigwa na jua la mchana, akanitolea chupa. Kuishika tu, ilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Nikamuuliza friji iko wapi. Akanionyesha kwa kidevu duka la jirani. "Ile si yetu. Huwa inakuja na wageni."

Samweli alipoambiwa nipo, alifika akihema. Hakunisalimia kwanza. "Shangazi, mbona hujaniambia? Wako wapi? Wameshafika?" Kabla sijamjibu alikuwa ameshatoka, nikamsikia huko nje akiwaambia wale wa vinywaji watoe soda haraka.

Nilikaa kwenye kile kiti nikamsikiliza akibishana juu ya friji. Aliyemzoesha kwamba mimi na friji huletwa pamoja ni mimi.

"Samweli," nikamwita. "Hakuna mkaguzi. Niteremshie cheti changu."

"Nikikiteremsha tunafunga, Shangazi."

"Ndiyo."

"Benjamin anajua?"

"Atajua."

Alikataa. Aliyekiteremsha ni Loyce. Alipanda juu ya kreti, akakifuta vumbi kwa kile kitambaa chake, akanipa. Kisha akachukua mkoba wake akaondoka, hakumuuliza mtu.

Nimewaandikia wanaotoa leseni. Nimewaeleza kwamba jina langu lilikuwa pale bila mimi, na kwamba mkaguzi hakudanganywa na Samweli bali nilimdanganya mimi, mwalimu wake. Watanifuta kwenye daftari lao. Wanaweza kunipeleka mbele zaidi, kama nitakuwepo. Sijawaomba huruma wao, na wewe usiniombee.

Idrissa aliporudi nyumbani, Febronia alinishika mkono tukaenda. Nilimweleza yote, la friji, la koti, hata la kula na kulala vizuri. Amne alikuwa amesimama mlangoni. Idrissa alinisikiliza hadi mwisho, akitazama mahali ambapo mguu haupo.

"Kumbe jina lilikuwa linakaa pale peke yake," akasema. "Na mimi nalisalimia."

 Nilisubiri anitukane, na ningefurahi angenitukana. Tangu siku hiyo Amne hachoti tena maji kwenye tanki letu. Anapita mbele ya mlango wangu na ndoo yake kwenda bombani, ananipa shikamoo kamili, namwitikia, anapita. Insulini mpya ya hospitali ameiweka kwenye friji ya padre. Mimi sikuombwa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Idrissa hakuwa mteja wa pekee. Wapo wengine walionunua insulini kwenye lile kabati, na leo hii wanajichoma wakidhani wanakunywa chai yenye sukari mno. Siwajui. Wengi walilipa kwa simu, na namba zao zimo kwenye simu ya Samweli. Nimemwomba, Febronia amemwomba, padre amemwomba. Anasema duka ni la Benjamin na hatatoa kitu mpaka wewe useme. Nimekupigia, ukaniambia tusubiri kwanza mambo ya leseni ya jumla yakae sawa, tusiharibu jina la biashara. Ulilisema kwa upole, kama unavyosema kila kitu. Nilikata simu nikatapika. Febronia alidhani ni moyo.

Mpigie Samweli leo. Usisubiri kumaliza kusoma, barua itakungoja. Mwambie ampe Febronia namba zote, naye atawapigia mmoja mmoja waache dawa ile na wakimbilie hospitali. Lile gari la kusambaza dawa usilinunue. Fedha hiyo imtafutie Idrissa mguu wa bandia, na upeleke wewe mwenyewe kwa mkono wako, usimtume mtu.

Jambo la mwisho ni la mazishi yangu. Wewe ndiye utakayesoma wasifu wa marehemu, maana watoto wa kaka yangu wengine hawapo. Najua wasifu zetu zilivyo, kila anayezikwa alikuwa mcha Mungu na mchapakazi. Wangu niliuandika mwenyewe, anao Febronia. Umo mwaka niliohitimu na vituo nilivyofanya kazi, na imo famasi yako, friji, koti na mguu wa Idrissa. Usome wote, usiruke mstari. Koti lenyewe usilitafute, Febronia anapigia deki.

Febronia anawasalimu sana. Padre anakusalimu. Loyce nilionana naye sokoni, amerudi kwenye vitenge vyake, naye anakusalimu ingawa hamjawahi kuonana. Nisalimie Eliana, nibusie watoto, na yule mkubwa mwambie bibi anataka asome, ila asome na kukaa kazini.

Nilimuuliza Idrissa kama nikuandikie salamu zake. Alifikiri kidogo, akasema salamu zako zipo, ila atazituma siku utakapokuwa umempigia Samweli.

Mungu akulinde, mwanangu, na akuondolee huo upole unaokufanya ulale usingizi kama nilivyolala mimi.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni na ambaye bado ninakupenda,

Shangazi yako,
Severina