Fulgensi Amemkimbiza Marehemu Wangu

Ijumaa, 4 Julai 2025
Leo nimesikia kwa masikio yangu. Natoka mashineni kukoboa mpunga, napita kibanda umiza, pale wanapoonyesha sinema kwa kiingilio. Sinema ya vita ya Wazungu, ya zamani hata rangi haina. Fulgensi, kijana wa kibandani, ndiye kaitia Kiswahili. Mara askari anatupa bunduki, anakimbia – Fulgensi anasema, "Egidius wa Michenga huyo! Anawahi pombe kwa mkewe!" Kibanda kizima kicheko.
Egidius wa Michenga ni mume wangu. Yuko kaburini mwaka wa tisa. Vita vya Kagera alipigana, mguu wa kushoto ukarudi mbovu.
Mshenzi mkubwa! Atanitambua.

Jumamosi, 5 Julai
Mjukuu wangu Gladness kaitazama yote. Anasema imetoka kitabuni, shuleni walikisoma. Kitabuni yule askari hatoroki! Anatupa bunduki apate mikono ya kumbeba mwenzake. Fulgensi Kiingereza hajui, anajitungia tu.
Nikamfuata. "Aa, bibi, utani tu. Halafu babu mwenyewe ndiye aliniambia Egidius alikimbia."
Babu yake – Deogratias! Nimecheka mpaka mate yakanipalia. Deogratias aliyebebwa mgongoni huko Kagera kama gunia, analia, kajinyea, bila jeraha hata la mwiba! Na aliyembeba ni Egidius. Alinisimulia mimi tu, akaniapisha: usimwaibishe mwenzangu. Miaka arobaini na sita nimefunga mdomo. Na samaki nimempelekea huyo Deogratias!

Jumapili, 6 Julai
Komunyo sikupokea. Kwa moyo huu?
Nje ya kanisa nikawaambia akina mama: Jumatano jumuiya inasali kwangu, njooni na waume zenu. Tukimaliza rozari nina habari ya Kagera, na jina nitalitaja.
Mmoja wao, Bernadeta, eti, "Dada, msamehe." Nikamwambia asamehe wa kwake.

Jumatano, 9 Julai
Saa kumi. Mikeka nimetandika. Egidius, ukasirike usikasirike – wewe umelala, kicheko nakisikia mimi.
Watu wamejaa uani. Sasa hivi kaingia Deogratias, na fimbo yake, peke yake. Ana miaka themanini, mimi sabini na moja. Kavua kofia. Mbele ya watu wote kainama:
"Shikamoo, mama Tekla."
Yeye! Kwangu mimi!
Nimekimbilia ndani, eti nachukua rozari. Naandika nimesimama. Nachungulia dirishani. Bado kainama. Wanangoja niitikie.